Mhariri, ile nchi haikuwa pori

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Marekani ilivyotanuka kwenda magharibi nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na kikombe cha chai mkononi, mara ya pili chai imeshapoa na mimi nimeshakasirika, nikasema hapana, hii siwezi kuiacha ipite hivihivi. Mwandishi wenu anajua kuandika, simnyimi haki yake, mikokoteni ipo, kofia pana zipo, bastola kiunoni zipo, ila ukiikamua makala yote kinachobaki ni hiki: kulikuwa na pori kubwa lisilo na mwenyewe, wakaja watu wachapakazi na mashoka yao wakalifungua, ikatokea vurugu kidogo na "Wahindi Wekundu", alafu mwaka 1890 mambo yakaisha. Hapo ndo tunapogombana.

Nianze na hilo jina. Columbus alikosea njia akadhani kafika upande wa India, akawaita watu aliowakuta Wahindi, na sisi miaka zaidi ya mia tano baadae bado tunabeba kosa la nahodha aliyepotea, tena tukaongeza na rangi juu yake. Wale watu wana majina yao, Wacherokee, Walakota, Wakomanche, Wakriki, Wamandani, na wengine mamia, na kila mmoja alikuwa na lugha yake na mipaka yake na ugomvi wake na jirani. Mi nitawaita kwa majina yao, au nitasema wenyeji, inatosha.

Sasa hili la pori. Sehemu nyingine kweli palionekana patupu, lakini patupu kwa sababu wenyewe walikuwa wameshazikwa. Mwaka 1837 meli ya mvuke ilipanda mto Missouri ikiwa na mgonjwa wa ndui ndani, na Wamandani waliokuwa wakiishi kwenye vijiji vyao vya nyumba za udongo kando ya mto, wakulima wa mahindi hao, walikwisha karibu wote, wakabaki mia na kidogo hivi. Mtu akipita pale miaka kumi baadae ataandika kwenye daftari lake kwamba ameona bonde zuri halina mtu. Ameona kweli, hajadanganya.

Ila hoja yangu hasa ni nyingine. Makala inasema magharibi ilifunguliwa na shoka na bunduki. Mi nasema ilichukuliwa na karatasi. Bunduki ilikuwepo, nani atakataa, lakini mara nyingi ilikuja nyuma ya karatasi kama utingo anavyomfuata dereva. Mkataba, ramani, hati, deni, sheria, hukumu, bahati nasibu, yote karatasi. Na ukiliona hilo unaona pia kwamba haikuwa ni watu wachache wakorofi mpakani wamejichukulia sheria mkononi, ilikuwa serikali inafanya kazi, ina makarani, ina bajeti, ina mihuri.

Twende toka mwanzo. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alipiga mstari kwenye milima ya Appalachia, akasema koloni zisivuke hapo kwenda kukaa ng'ambo. Hakuwa na huruma na mtu, alikuwa tu hana hela ya vita nyingine na wenyeji. Walowezi wakachukia, na waliochukia zaidi ni wenye hela waliokuwa wameshaanza kununua vipande ng'ambo ya mstari ili waje kuuza bei juu, na mmoja wao ni George Washington, ambaye kabla ya kuwa jenerali alikuwa mpima ardhi. Hili huwa halisemwi sana kwenye habari za uhuru wa Marekani, wanasema ni ushuru wa chai ndo uliowaudhi, chai chai chai, ardhi hawaitaji.

Uhuru ukaja, na serikali changa ikajikuta ina madeni ya vita mpaka kooni na haina nguvu ya kutoza kodi. Kitu pekee ilichokuwa nacho cha kuuza ni ardhi, ambayo kwa sehemu kubwa bado ilikuwa na watu juu yake. Ndo ikatoka sheria ya 1785, na hii Mhariri ningeomba siku moja muiandikie ukurasa mzima maana inachosha kuisoma lakini ndo mama wa yote. Sheria ilisema ardhi ipimwe kwa miraba. Mpima anakwenda na vijana wawili na mnyororo wa chuma wa futi 66, mmoja anatangulia na vijiti anachomeka, mwingine anafuata anavichomoa, minyororo 80 ni maili moja, wanavuka kinamasi, wanavuka mto, wanakata mti uliokaa kwenye mstari, wakifika kona wanapiga alama kwenye mti au wanachimbia nguzo, na mpima anaandika kwenye daftari udongo ukoje, miti gani, maji yako wapi. Mraba mmoja maili kwa maili, ekari 640. Miraba 36 inafanya kitongoji kimoja, na kila mraba una namba yake, namba 16 umetengwa kwa ajili ya shule. Bei ilianzia dola 1 kwa ekari lakini huwezi kununua chini ya mraba mzima, sasa mkulima maskini atatoa wapi dola 640 enzi hizo? Walionunua ni walanguzi. Na mpaka leo ukipita na ndege juu ya Iowa au Kansas unaiona ile miraba chini, barabara zimenyooka kama daftari la hesabu, milima na mito haikuulizwa.

Alafu 1803. Marekani ilituma watu Paris kwenda kununua bandari ya New Orleans tu, Napoleon, mtawala wa Ufaransa, akawaambia chukueni Louisiana yote, yaani lile eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi, dola milioni 15, nchi ikawa kubwa mara mbili kwa saini. Kwanini aliuza? Kwa sababu watumwa wa Haiti walikuwa wamelisambaratisha jeshi lake, wao pamoja na homa ya manjano, na bila Haiti yenye sukari Louisiana haikuwa na kazi kwake. Kwa hiyo nusu ya ukubwa wa Marekani ya wakati ule imetokana na ushindi wa watu weusi kisiwani, na walionufaika wakaja kupanda pamba humohumo kwa watumwa wengine weusi. Makala yenu imeruka hapo kama haipo. Na alichouza Napoleon kiukweli si ardhi, maana Mfaransa hakuwa anaimiliki kwa chochote zaidi ya madai, aliuza haki ya kuwa wa kwanza kuwabana wenyewe. Wenyewe waliendelea kukaa pale hawana habari kwamba wameuzwa.

Mwaka huohuo Rais Jefferson aliandika barua ya siri kwa gavana William Henry Harrison, akamweleza jinsi maduka ya serikali yatakavyowakopesha wenyeji, hasa wale wakubwa wao, mpaka deni lizidi uwezo wao, na hapo watakuwa tayari kulilipa kwa kukata kipande cha ardhi. Barua ipo, inasomwa. Kumbe hata ule ujanja wa duka la mkopo una historia ya ikulu.

Sasa Mhariri naomba usikilize vizuri hapa maana panakuhusu kikazi. Wacherokee walikuwa Georgia na majimbo ya jirani. Waliambiwa wastaarabike, wakastaarabika kwa kipimo cha haohao waliowaambia: wana mashamba, wana mashine za kusaga, wana katiba yao iliyoandikwa 1827, na wapo waliokuwa na watumwa pia, hilo nalo tuliseme maana ni kweli. Mtu mmoja anaitwa Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikaa miaka akatunga alama 80 na kitu za silabi za lugha yao, na watu wakajifunza kusoma ndani ya wiki chache tu. Februari 1828 wakaanzisha gazeti, linaitwa Cherokee Phoenix, linatoka New Echota, upande Kiingereza upande Kicherokee. Mhariri wake Elias Boudinot.

Karibu wakati huohuo dhahabu ikaonekana Georgia. Basi tena. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson akasaini sheria ya kuwahamisha wenyeji kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi, na msidhani ilipita kirahisi, bungeni ilikuwa kura 102 kwa 97, watu kibao waliipinga waziwazi, kwa hiyo ile sentensi ya kwamba "enzi zile kila mtu aliona sawa" naomba iondoke. Georgia ikaweka bahati nasibu. Serikali ya jimbo ilikata nchi ya Wacherokee viwanja, ekari 160 vya kulima, ekari 40 vya dhahabu, majina yakatiwa kwenye pipa, wazungu wakachomoa bahati yao 1832, yaani mtu anashinda shamba ambalo ndani yake kuna familia inakula chakula cha mchana. John Ross, chifu mkuu wa Wacherokee, alikuwa Washington kuhangaikia kesi ya watu wake, aliporudi 1835 akakuta mshindi wa bahati nasibu kaingia kwenye nyumba yake. Chifu mkuu! Nyumba yake! Ikabidi awe mgeni kwake kwa usiku ule.

Walikwenda mahakamani, tena mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na 1832 wakashinda. Jaji mkuu John Marshall alisema sheria za Georgia hazina nguvu kwenye nchi ya Wacherokee. Kuna maneno watu humwekea Jackson mdomoni, eti Marshall katoa hukumu basi aende akaitekeleze mwenyewe, mi nayatilia shaka hayo, hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Ila hakuhitaji kusema chochote, alikaa kimya tu na Georgia ikaendelea.

Boudinot mhariri naye akafika mahali akaona vita hii haishindiki, akataka gazeti liruhusiwe kujadili habari ya kuhama, faida na hasara. Ross akakataa, hataki taifa lionekane limegawanyika. Boudinot akaacha kazi mwaka huohuo 1832. Nimefikiria sana hapo, kila mmoja nampa haki yake na bado siwezi kuamua, maana mmoja anasema wasomaji wana haki ya kujua, mwingine anasema adui anasoma hilihili gazeti. Wewe ungefanyaje?

Tarehe 29 Disemba 1835 Boudinot na wenzake wachache, hawana cheo cha kusaini kwa niaba ya taifa, wakasaini mkataba New Echota, nchi yote kwa dola milioni 5. Ross akakusanya saini zaidi ya 15,000 za kupinga, akazipeleka. Seneti ikapitisha mkataba, ukazidi kiwango kinachotakiwa kwa kura moja. Kura moja Mhariri. Mwaka 1838 wanajeshi wakaja na bayoneti, watu wakatolewa mezani, shambani, wakawekwa kwenye kambi kiangazi kizima wakiharisha, alafu wakatembezwa mpaka Oklahoma ya leo wakati wa baridi, wengine wakakwama kandokando ya Mississippi kwa sababu mto umejaa barafu. Walikuwa kama 16,000, na wanaokadiria vifo husema kama 4,000. Watumwa wao walitembea njia hiyohiyo. Juni 1839 Boudinot akauawa na Wacherokee wenzake, maana kwao aliyeuza ardhi ya taifa bila idhini adhabu yake ni kifo. Nchi nzima ile imekwenda kwa ule mkataba mmoja, na karatasi zote za haki walizokuwa nazo wao, katiba, hukumu, saini, gazeti, hazikuzidi uzito wake.

Na hizo ardhi zilizoachwa wazi kusini zilikwenda kwa nani? Zilikwenda kwa pamba. Mashine ya kutenganisha mbegu ilikuwepo toka 1793, viwanda vya Uingereza vinataka pamba usiku na mchana, Alabama na Mississippi zina udongo mweusi. Kati ya vizazi vile viwili hivi kabla ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, watumwa kama milioni moja walitolewa Virginia na Maryland na jirani zake wakapelekwa kusini magharibi, wengi kwa miguu, wamefungwa wawili wawili kwenye mnyororo mrefu, mama huku mtoto kule. Na wao walikwenda magharibi au hawakwenda? Kwenye makala yenu hawana hata mstari.

Texas nitaipita haraka ila lazima nicheke kidogo. Mexico ilikaribisha walowezi wa Kimarekani Texas, wakaja wengi kuliko walivyotarajiwa, wengine na watumwa wao, Mexico ikafuta utumwa 1829, na 1830 ikapitisha sheria ya kuzuia Wamarekani kuingia. Wakaendelea kuingia bila kibali. Ndio, Wamarekani, wanavuka mpaka kinyemela kuingia Mexico. Mgeni njoo mwenyeji apone, mwenyeji hakupona: 1836 Texas ikajitangaza huru, 1845 ikaingizwa Marekani, 1846 vita, na mbunge mmoja kijana anaitwa Abraham Lincoln akasimama kumtaka rais aonyeshe ni mahali gani hasa hiyo damu ya Wamarekani, aliyoitoa kama sababu ya vita, ilimwagika kwenye ardhi ya Marekani. Hakujibiwa. Februari 1848 Mexico ikasaini kupoteza zaidi ya nusu ya nchi yake ukihesabu na Texas, ikalipwa dola milioni 15, bei ileile ya Louisiana, sijui ndo bei ya jumla.

Na yale maneno ya "majaaliwa ya wazi", kwamba Mungu ameshapanga Marekani ijae bara zima mpaka bahari nyingine, mwandishi wenu kayaandika kama vile yalishuka kutoka mbinguni. Hayakushuka. Yalitokea kwenye gazeti 1845, na anayetajwa kuyatunga ni John O'Sullivan, ambaye alikuwa mhariri. Sikulaumu wewe, naeleza tu.

Siku tisa kabla ya Mexico kusaini, dhahabu ilionekana kwenye mtaro wa mashine ya kupasulia mbao ya mlowezi mmoja anaitwa Sutter kule California, tarehe 24 Januari 1848. Mfanyabiashara Sam Brannan alijaza duka lake vifaa vya wachimbaji, alafu akapita mitaani San Francisco na chupa yenye dhahabu anapiga kelele kwamba dhahabu ipo. Huyu naye alikuwa na gazeti, na gazeti likafungwa kwa muda mwaka huohuo maana wafanyakazi walikimbilia kuchimba. Walikuja kama watu 300,000 ndani ya miaka michache. Waliotajirika zaidi ni wauza sepetu, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba serikali iliandikiana mikataba 18 na wenyeji wa California 1851 na 1852, wakaahidiwa maeneo yao, Seneti ikaikataa yote na ikafungiwa kwenye siri mpaka 1905. Wenyeji wamesaini upande wao, wamehama kwenda walipoambiwa, kumbe karatasi iko kwenye droo Washington. Mwaka 1848 walikuwa kama 150,000, kufika 1870 kama 30,000. Njaa, magonjwa, na vikundi vya wauaji ambavyo serikali ya jimbo ilivilipa, hiyo siyo tetesi, gharama zilirudishwa kwa hati za malipo.

Mnisamehe narefusha, ila 1862 lazima. Vita ya kaskazini na kusini inaendelea, na vita yenyewe ilitokana na hayahaya, maana kila mraba mpya ulipopimwa swali lilikuwa lilelile, utakuwa na watumwa au hauna, wakagawana kwa mstari 1820, wakapatana tena 1850, wakauvunja ule mstari 1854, Kansas watu wakachinjana, na 1861 ikawaka nchi nzima. Sasa wabunge wa kusini wameshatoka, kaskazini inapitisha inachotaka. Mei 1862 ikatoka sheria ya kugawa ekari 160 bure kwa atakayekaa na kulima miaka mitano, analipa ada ndogo tu ya ofisi. Hii mwandishi wenu kaisifu na mi sitaipinga yote, watu wa kawaida walipata, wajane walipata, wahamiaji wasiojua Kiingereza walipata, watu weusi waliotoka utumwani wakaenda Kansas wakajenga mji wa Nicodemus 1877. Na waliishi maisha magumu kweli, nyumba za mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi ndani yake, mvua ikinyesha nje siku moja ndani inanyesha siku mbili, kuni hakuna, wanachoma kinyesi kikavu cha nyati. Wengi walishindwa, maana ukipita katikati ya Nebraska kwenda magharibi mvua inakata, ekari 160 huko hazilishi familia, na waliotunga sheria walikuwa wanaishi kwenye mvua.

Lakini wajanja hawakukosa. Inasimuliwa kuna waliotakiwa kuapa kwamba wamejenga nyumba ya 12 kwa 14, wakajenga kweli, inchi 12 kwa inchi 14, kama kibanda cha njiwa, wakaapa kwamba ipo na hawakusema uongo. Wengine walikuwa na kibanda cha magurudumu kinavutwa toka kiwanja kwenda kiwanja siku ya shahidi kuja kuangalia. Makampuni ya ng'ombe na mbao yalikuwa yanatumia vibarua wao kujiandikisha alafu wanawauzia kesho yake.

Na mwaka huohuo reli ya kuvuka bara. Kompani mbili zikapewa ardhi kandokando ya njia, mraba wa kwao mraba wa serikali, mraba wa kwao mraba wa serikali, kama ubao wa drafti. Upande wa California kazi ngumu ya kutoboa milima ya Sierra Nevada ilifanywa na Wachina, maelfu kwa maelfu, wakagoma 1867 kudai mshahara sawa na wazungu, wakakatiwa chakula mpaka wakarudi kazini. Reli zikakutana Utah tarehe 10 Mei 1869, picha maarufu ikapigwa, utawatafuta Wachina kwenye ile picha mpaka macho yaume. Mwaka 1882 ikatoka sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini kabisa.

Reli ndo ilimaliza wale nyati wao wenye nundu na manyoya. Walikuwa mamilioni, kufika mwisho wa miaka ya 1880 walibaki chini ya elfu moja. Ngozi zilikuwa zinakwenda viwandani kutengenezwa mikanda ya kuendeshea mashine, nyama inaachwa inaoza, na baada ya hapo mifupa ikaokotwa kwa mikokoteni ikauzwa kusagwa mbolea. Majenerali waliliona hilo wakalifurahia, maana Mlakota aliishi kwa nyati, akiwakosa atakuja mwenyewe kwenye foleni ya mgao wa chakula wa serikali.

Na hapo ndo nafika kwenye sababu ya kuandika barua hii. Mwaka 1868 serikali ya Marekani yenyewe ilisaini mkataba Fort Laramie kwamba milima ya Black Hills ni ya Walakota na ndugu zao, na kipengele cha 12 kikasema hakuna kipande kitakachotolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima wote. Nimeziona picha za kurasa za mkataba ule, majina ya machifu yamepangwa kwenda chini, kila jina na alama ya X pembeni, X nyingine imesimama vizuri, nyingine imelala kama imechorwa na mtu asiyetaka. Mwaka 1874 jeshi likiongozwa na afisa anaitwa Custer likaenda milimani likarudi na habari za dhahabu. Wachimbaji wakamiminika. Custer akafa kwenye vita ya Little Bighorn, alipopigwa na Walakota na wenzao Juni 1876, makala yenu hiyo mmeipa aya tatu, lakini kilichofuata hamkukipa hata moja: Bunge likasema hakuna mgao wa chakula mpaka wakubali kuachia milima. Saini au njaa. Zikapatikana saini za kama mmoja katika kumi. Robo tatu haikufika hata kwa mbali, na 1877 Bunge likapitisha sheria kwamba milima imechukuliwa. Mgodi mkubwa wa Homestake ukanunuliwa na George Hearst, ukatoa dhahabu mpaka 2002, na mwanae William Randolph ndo yule aliyekuja kuwa tajiri wa magazeti. Magazeti tena, naona sifanyi makusudi.

Mwaka 1890 ndo mlipofungia hadithi. Ni kweli tarehe 29 Disemba mwaka ule jeshi liliwaua Walakota Wounded Knee, zaidi ya 150, wanawake na watoto wengi, tarehe ileile uliposainiwa mkataba wa New Echota miaka 55 nyuma yake. Ni kweli pia takwimu za sensa ya mwaka ule zilisema ule mstari wa mpaka, yaani mwisho wa makazi ya walowezi, haupo tena. Lakini karatasi hazikuisha. Sheria ya 1887 ya kuwakatia wenyeji viwanja mtu mmojammoja na kinachobaki kuuzwa iliendelea kula, ekari milioni 138 zilizokuwa mikononi mwao zikabaki milioni 48 ilipofika 1934. Na mwaka 2020 mahakama ya juu ya Marekani ilisema kwa kura 5 kwa 4 kwamba eneo la Wakriki huko Oklahoma halikuwahi kufutwa kisheria, yaani sehemu kubwa ya mji wa Tulsa iko ndani yake.

Walakota nao walihangaika na kesi yao toka miaka ya 1920. Mwaka 1980 mahakama hiyohiyo ikakubali, majaji 8 kwa 1, kwamba milima ilichukuliwa bila fidia ya haki, ikaidhinisha malipo na riba ya toka 1877, zaidi ya dola milioni 100. Wakakataa. Walisema milima haiuzwi na haikuwahi kuuzwa, wanataka ardhi, na wengi wao ni maskini, baadhi ya maeneo yao ni kati ya yale maskini kabisa Marekani yote, na bado hawakwenda kuchukua.

Kwa hiyo ule mstari wenu wa mwisho, ule unaosema mambo yaliisha 1890, naomba muurekebishe toleo lijalo, hata kwa maandishi madogo ukurasa wa ndani sitajali. Hela imekaa kwenye akaunti ya serikali Washington, riba imeshaipandisha kupita dola bilioni 1, na wenyewe hawajaigusa.

Wenu,
Msomaji wa kila Jumapili